Kaka yangu na mtoto wa baba mkubwa wana haplogrupu tofauti: je, hatuna babu mmoja?

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba yetu. Kwa miaka mingi nimekuwa mtunzaji wa kumbukumbu za ukoo. Ninalo daftari ambamo babu aliandika kwa mkono wake majina ya baba zake hadi kizazi cha saba, nami nimekuwa nikiongeza humo majina ya wanaozaliwa na tarehe za wanaofariki. Mwaka jana niliamua kuithibitisha orodha hiyo kwa kipimo cha vinasaba. Kwa kuwa mwanamke hana kromosomu Y, yaani fungu la vinasaba ambalo baba humrithisha mwana wa kiume tu, nilimwomba kaka yangu atoe sampuli ya ute wa shavuni kwa niaba yetu, naye akakubali bila kuuliza mengi na kuniachia shughuli yote ya kutuma sampuli na kupokea majibu. Mtoto wa baba yetu mkubwa, ambaye naye anapenda sana mambo ya nasaba, alijipima mwenyewe na akanitumia nakala ya majibu yake.

Majibu hayo yameniondolea usingizi. Ya kaka yangu yanaonyesha kuwa yumo katika haplogrupu, yaani tawi la mstari wa kiume, linaloitwa E-M2, na ya mtoto wa baba mkubwa yanaonyesha J-P58. Niliziweka karatasi zote mbili mezani, nikapitisha kidole kwenye jedwali la alama, mstari kwa mstari. Kwenye alama iitwayo DYS390 kaka ana 21 na mwenzake ana 23. Kwenye DYS388 kaka ana 12 na mwenzake 16. Nilipofika DYS391 nikakuta wote wana 10, na kwenye DYS392 wote wana 11, moyo ukatulia kidogo, lakini kadiri nilivyoendelea kushuka ndivyo namba zilivyozidi kuachana.

Siku zote tumeambiwa kwamba baba zao ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Baba mkubwa alifariki miaka sita iliyopita. Baba yetu yu hai, ana miaka 79, na shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa wote, yu hai pia na kumbukumbu zake ni timamu. Kaka hajayaona majibu yake kwa sababu nilimwambia bado hayajafika. Wakati huohuo mtoto wa baba mkubwa ameanza kuwaeleza ndugu kwamba asili ya ukoo wetu ni Arabuni, na kila wiki ananiuliza majibu ya kaka yamefikia wapi.

Naomba unisaidie mambo matatu. Je, ni kweli kwamba hawa wawili hawana babu mmoja? Kama ni kweli, nani kati yao ndiye wa ukoo huu? Na je, nimweleze baba, au niichane karatasi hii na kukaa kimya?

Mtunza Daftari

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kukesha na jambo zito peke yako.

Nitaanza na swali la kwanza bila kuzunguka. Ikiwa sampuli zote mbili zilipimwa kwa usahihi, basi kaka yako na mtoto wa baba yako mkubwa hawakurithi kromosomu Y kutoka kwa babu mmoja wa karibu. Kromosomu hiyo hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana ikiwa karibu nzima, kwa sababu takriban asilimia 95 yake haichanganyiki na kromosomu nyingine yoyote mbegu za kiume zinapotengenezwa. Kinachoibadilisha ni makosa madogo ya kunakili, ambapo herufi moja ya maandishi ya vinasaba inabadilika kwa mtu mmoja, na tangu hapo wanaume wote wanaotoka kwake, baba kwa mwana, wanaibeba herufi hiyo mpya. M2 ni jina la badiliko moja la aina hiyo, na P58 ni jina la jingine. Mstari wa E na mstari wa J uliachana zaidi ya miaka 50,000 iliyopita, kwa hiyo hakuna namna ambayo mwanamume mmoja aliyeishi nyakati za babu yenu angeweza kuwapa wajukuu wake wawili matawi hayo mawili.

Zile namba za DYS zilizokupa matumaini ni kipimo cha aina nyingine. Zinahesabu ni mara ngapi kipande kifupi cha vinasaba kimejirudia mahali fulani kwenye kromosomu, na hesabu hiyo hupanda au kushuka kwa hatua moja moja mara nyingi zaidi kuliko herufi zinavyobadilika. Ndiyo sababu watu wasiohusiana hukutana kwenye namba ileile kwa bahati tu: 10 kwenye DYS391 na 11 kwenye DYS392 ni namba za kawaida kwa wanaume wengi wa matawi yaliyo mbalimbali sana. Watoto wa ndugu wawili wakipimwa alama 37, kwa kawaida hulingana kwenye zote au hupishana kwenye moja au mbili, tena kwa hatua moja. Kupishana kwa hatua nne kwenye DYS388, pamoja na tofauti nyingine zote ulizoziona, kunakubaliana na kile ambacho haplogrupu zimekwisha kusema.

Kuna tahadhari moja ambayo ningeitilia mkazo kama majina ya haplogrupu yangekuwa yamekaribiana. Majina ya matawi haya yamekuwa yakibadilishwa kadiri mti unavyojulikana zaidi, na tawi ambalo machapisho ya mwaka 2002 yaliliita E3a ndilo lililokuja kuitwa E1b1a, nalo ni hilohilo la E-M2. Familia nyingi zimeogopa bure kwa sababu karatasi mbili zilitumia majina mawili ya tawi moja. Kwenu haiko hivyo, lakini bado usiamue neno lolote kabla ya kuhakikisha kwamba sampuli hazikuchanganywa. Ulishughulikia utumaji wewe mwenyewe, hivyo kumbuka kama vijiti vya watu wawili viliwahi kukaa pamoja, kama namba ya kifurushi iliandikwa sawasawa, na uombe kipimo kirudiwe kwa sampuli mpya.

Sasa tufike kwenye lile linalokutesa. Kati ya kaka yako na mtoto wa baba mkubwa kuna pete nne tu za mnyororo: babu kwa baba yako, baba yako kwa kaka yako, babu kwa baba mkubwa, na baba mkubwa kwa mwanawe. Pete mojawapo, au zaidi ya moja, haikuungana kwa damu. Karatasi hazisemi ni ipi, wala hazisemi kwa nini. Nimesoma barua yako mara mbili, na ninaona kwamba moyo wako umekwisha kukimbilia kwenye shutuma dhidi ya bibi yako, ingawa hukuandika hivyo. Tafadhali usifanye haraka. Mtoto aliyekuja na mama yake kutoka ndoa ya kwanza na akalelewa na baba wa pili kama wake, yatima wa rafiki au wa jirani aliyechukuliwa akiwa mchanga, mtoto wa dada aliyeachwa kwa mjomba wake akakua akimwita baba: kila mmoja wa hawa ataonekana kwenye kipimo cha kromosomu Y kama mstari uliokatika, na hakuna hata mmoja ambaye kuwapo kwake nyumbani kulikuwa kosa la mtu yeyote. Yako pia matukio ya mimba ya nje ya ndoa, nami sitakuficha hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wadogon wa Mali, uliolinganisha jozi 1,706 za baba na mwana, ulikuta kwamba katika asilimia 1.8 baba anayetajwa hakuwa mzazi wa damu. Uchunguzi wa nasaba za Ubelgiji na Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta takriban asilimia 1 kwa kizazi, na karibu asilimia 6 miongoni mwa maskini wa mijini katika karne ya 19. Hizo ni hesabu ndogo kwa kizazi kimoja, lakini zikijumlishwa kwa vizazi saba, kumi au kumi na tano, utaona kwamba orodha ndefu ya baba ambayo haijawahi kukatika popote ni jambo la kushukuriwa, si la kutarajiwa na kila mtu.

Hata nasaba za kifalme zilizolindwa kwa maandishi na urithi zimekutwa na jambo hili. Mifupa ya mfalme Richard III wa Uingereza ilipofukuliwa huko Leicester mwaka 2012, DNA ya mitokondria, inayopitia kwa mama, ililingana na ya ndugu zake wa upande wa kike wanaoishi leo. Kromosomu Y yake, hata hivyo, haikulingana na ya wanaume watano wanaotajwa kuwa wa mstari mmoja wa kiume na mfalme huyo. Mfalme alikuwa wa haplogrupu G. Wanne kati ya hao watano walikuwa wa tawi la R1b, na wa tano, ambaye kwenye maandishi ni ndugu yao kabisa, alikuwa wa haplogrupu I. Maana yake ni kwamba mstari ulikatika angalau mara mbili, mara moja katika karne zile za mbali na mara nyingine katika vizazi vya karibu. Watafiti walipochapisha matokeo hayo mwaka 2014 hawakuweza kusema nani alikuwa baba wa nani, kwa sababu kromosomu Y peke yake haina uwezo wa kusema hivyo.

Chombo kinachoweza kukusaidia zaidi kwa sasa unacho mwenyewe. Kipimo cha kromosomu za kawaida, zile zinazorithiwa kwa baba na kwa mama, hakibagui mwanamke na mwanamume, hivyo unaweza kujipima wewe pamoja na kaka yako na mtoto wa baba mkubwa, ikiwa wataridhia. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki takriban nusu ya vinasaba vyao, na wa mzazi mmoja robo. Watoto wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja hushiriki takriban asilimia 12.5, na watoto wa ndugu wa mzazi mmoja tu takriban asilimia 6. Mkikuta karibu 6 na mtoto wa baba mkubwa, maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba baba zenu walizaliwa na mama mmoja kwa baba wawili, na hapo ndoa iliyotangulia ni jambo la kuulizwa kabla ya lingine lolote. Mkikuta 12 au zaidi kidogo, rudini kwanza kwenye maabara, maana yawezekana sampuli ya Y ndiyo iliyokosewa. Msipokuta kitu kabisa, basi mmoja kati ya wanaume hao alitoka nje ya damu ya nyumba hiyo. Viwango hivi vina nafasi ya kupanda na kushuka, kwa hiyo usiishike desimali moja ukaifanya hukumu.

Swali lako la pili, la nani aliye wa ukoo, lina sehemu inayoweza kupimwa na sehemu isiyopimika. Inayopimika ni hii: kromosomu ya babu yenu ilikuwa ipi? Ili kulijua hilo mnahitaji mtu wa tatu, mjukuu wa kiume wa ndugu wa kiume wa babu, anayetoka kwake baba kwa mwana. Akiwa E-M2 na alama zake zikakaribiana na za kaka yako, basi mstari wa baba wa babu umepitia kwenu. Akiwa J-P58 na akakaribiana na yule mwingine, umepitia kwao. Akiwa tofauti na wote wawili, mtahitaji mtu wa nne. Elewa pia mpaka wa jibu hilo. Mwaka 1998 wanasayansi walionyesha kwamba mwanamume wa mstari wa Eston Hemings, mtoto wa Sally Hemings aliyekuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, rais wa Marekani, alikuwa na kromosomu Y ileile ya ukoo wa Jefferson. Ili kuipata kromosomu ya ukoo huo, walipima wanaume wa uzao wa Field Jefferson, baba mkubwa wa rais huyo. Kipimo kilithibitisha ukoo, hakikumtaja mtu, kwa kuwa kaka wa rais naye alikuwa na kromosomu hiyohiyo, na ilibidi kumbukumbu za nani alikuwa wapi na lini zisaidie kufikia uamuzi.

Sehemu isiyopimika ni ile iliyomo daftarini. Babu yako aliandika baba waliowalea, wakawapa jina na urithi, wakazikwa na watoto wao. Hakuandika uchunguzi wa maabara, na daftari lake halijageuka kuwa uongo kwa sababu ya karatasi hizi mbili. Mimi nisingefuta jina hata moja. Ningeanza ukurasa mpya, nikaandika tarehe ya kipimo, haplogrupu za waliopimwa kwa ridhaa yao, na ningeacha nafasi ya yatakayojulikana baadaye.

Kuhusu Arabuni, nakuomba umtulize ndugu yako kwa upole. J-P58 ni tawi lililoenea sana katika Rasi ya Arabu, hilo ni kweli, lakini mwanamume wa kwanza wa tawi hilo aliishi maelfu ya miaka kabla hapajakuwa na lugha ya Kiarabu, na wanaume wa J wapo pia katika Shamu, Sudani na Ethiopia. Kadhalika E-M2, ambayo hutajwa sana pamoja na kuenea kwa lugha za Kibantu, inapatikana kwa wingi kwa Wayoruba na Wamandinka ambao lugha zao si za Kibantu. Haplogrupu si kabila, si dini, na si utaifa. Isitoshe, kizazi cha saba kwenda juu mtu ana mababu na mabibi 128, na kromosomu Y inamzungumzia mmoja tu kati yao. Mfano mzuri ni utafiti wa mwaka 2023 uliochunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili ya pwani: kromosomu Y za wanaume wengi zilielekeza Asia, hasa Uajemi, ilhali DNA ya mitokondria ilikuwa karibu yote ya Afrika, na kwa wengi zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ilitoka kwa mabibi wa Kiafrika. Mtu aliyetazama kromosomu Y peke yake angewasahau mabibi hao wote.

Nimeliacha swali la tatu mwisho kwa sababu hapa ndipo nina neno la kukukanya. Majibu ya kaka yako si yako. Ulisaidia kutuma kifurushi, lakini vinasaba ni vyake, na kila siku unayomwambia kwamba hayajafika inafanya siku ya kumweleza iwe ngumu zaidi. Ukimya wenyewe hautadumu pia, maana kama sampuli zote mbili ziko katika hifadhidata moja, mtoto wa baba mkubwa anaweza kufungua orodha ya wanaolingana naye na kushangaa kwamba jina la kaka yako halimo. Kwa hiyo ingia kwanza kwenye akaunti, uzime onyesho la wanaolingana, kisha mtafute kaka yako mkiwa wawili tu. Mkabidhi karatasi yake mkononi, mwombe radhi kwa kuichelewesha, na mweleze zile pete nne kama nilivyokueleza. Yeye ndiye atakayeamua kama mtoto wa baba mkubwa aelezwe, na kama kipimo cha pili kifanyike. Akikataa, uheshimu kukataa kwake.

Akikubali, mwelezeni ndugu yenu ana kwa ana, si kwa simu, na mwanze kwa kumwambia kwamba hamjui mstari uliokatika ni wenu au ni wake. Maneno hayo ni ya kweli, na yatamlinda asijione kana kwamba amefukuzwa nyumbani siku ileile anayosikia habari.

Baba yako usimpelekee karatasi. Ana miaka 79, na hakuwahi kuuliza swali hili. Nenda kwa shangazi, bila kumtega na bila kumficha kwamba mmepima, mwombe akusimulie jinsi wazazi wake walivyooana, nani alizaliwa wapi, nani alikuja kuishi nyumbani akiwa mdogo. Beba daftari, mwache azungumze kwa mwendo wake, na usimkatize kwa haplogrupu. Jambo lililokushtua wewe huenda yeye amelijua tangu utotoni na haoni ajabu yake. Akikwambia kwamba baba yako naye analijua, hapo mtakuwa na njia ya kuzungumza naye. Akisema halijui, au akinyamaza, mwache baba yako na utulivu wake mpaka atakapouliza mwenyewe.